Mwongozo Kamili: Kutengeneza Karatasi ya Mkonge Bila Kumaliza Maji

Malalamiko yanayonifikia kutoka vikundi vya Pongwe, Muheza na hata Bagamoyo ni yaleyale: "Karatasi zinatoka vizuri, lakini maji yanatumaliza." Nikienda kuangalia, nakuta kosa lilelile. Mtu akiambiwa abane maji, anabana kwenye beseni la kuchotea karatasi. Anatia maji nusu, rojo (mchanganyiko wa maji na nyuzi zilizotwangwa) linakuwa zito kama uji uliosahauliwa jikoni, karatasi zinatoka na mabonge, anazitupa na kuanza upya. Jioni ametumia maji mengi kuliko jana.

Beseni si mahali pa kubana. Maji yake hayaliwi na karatasi, yanapita kwenye wavu na kurudi humohumo. Karatasi moja ya A4 ikitoka kwenye wavu inaondoka na maji kama kikombe kimoja cha kahawa, vile vidogo vya barazani, na hata hayo mengi utayapata ukiikamua. Maji yanapotea kwingine: kwenye kusuuza nyuzi, kwenye kuosha vyombo, na kwenye ile tabia ya kumwaga beseni zima kila jioni.

Kwa hiyo kanuni ya kazi hii yote ni moja. Maji safi yaingie kwenye hatua ya mwisho ya usafi, kisha yarudi nyuma hatua kwa hatua, na yatoke nje yakiwa yamechoka kabisa. Vipimo vyote hapa chini ni vya kilo 1 ya nyuzi kavu za mkonge. Ukifanya kilo 3, zidisha kwa 3.

## Vifaa, kabla hujawasha moto

Usianze mpaka vyote viwepo. Ukikosa ndoo moja katikati ya kazi, ndipo koki inapofunguliwa na kuachwa.

- Kilo 1 ya nyuzi fupi za mkonge zilizokauka. Yale mabaki ya mashine ya korona, inayochuna nyuzi kwenye majani ya mkonge, yanatosha, huna haja ya singa (nyuzi) ndefu za daraja la juu.
- Karatasi chakavu, nusu kilo hadi kilo 1: karatasi za ofisini, madaftari yaliyokwisha, au mifuko ya saruji ya karatasi.
- Gramu 200 za soda ashi, ile wanayouziwa watengeneza sabuni. Magadi ya kupikia maharage ni dhaifu zaidi: yatapika, lakini utachoma kuni nyingi. Kostiki soda achana nayo, inatoboa ngozi na macho, na nyuzi za mkonge haziihitaji.
- Pipa la chuma lililokatwa nusu, au sufuria ya steinlesi, lenye kifuniko kinachokaa.
- Ndoo 3 za lita 20, ziandike 1, 2 na 3 kwa rangi isiyofutika.
- Mfuko ulioshonwa kwa chandarua kuukuu, mara mbili.
- Kinu na mchi.
- Beseni pana la lita 60 hivi.
- Fremu 2 za mbao zinazolingana, moja ikiwa na wavu wa dirishani uliokazwa kama ngozi ya ngoma, nyingine tupu ya kukaa juu yake kama ukingo.
- Vitambaa vya kulazia karatasi: blanketi la zamani lililokatwakatwa, au marekani.
- Jeki ya gari, mbao 2 nene, na fremu ya chuma au mbao nzito ya kuibania.
- Mapipa 2 ya plastiki ya lita 200 yenye vifuniko. Moja liwe na koki iliyofungwa kiganja kimoja juu ya kitako, si chini kabisa.
- Karai 1 pana, mzani, glavu za mpira, miwani ya kazi, na daftari.

Ukipata karatasi za kupima pH (ukali wa maji) zenye namba, nunua.

## Hatua ya 1: Pima unachotumia leo

Watu wengi wanairuka hii. Chukua siku moja ufanye kazi kama kawaida yako, ila kila dumu la lita 20 likiingia, piga mstari kwenye daftari. Jioni hesabu mistari, zidisha kwa 20, gawanya kwa kilo za karatasi kavu ulizopata.

Jibu ni lita kwa kilo, na hiyo ni sawasawa na mita za ujazo kwa tani, kipimo wanachotumia viwandani. Viwanda vya kisasa vya Ulaya vinavyotengeneza rojo jeupe la mbao hutumia kati ya mita za ujazo 25 na 50 kwa tani. Vinavyotumia karatasi chakavu bila kuondoa wino hushuka chini ya 10. Mimi nimekaa na kikundi kilichokuwa kinatumia lita 200 kwa kilo, na kila mmoja pale aliapa kwamba wanabana.

Umefaulu ukiwa na: namba moja iliyoandikwa. Bila hiyo, wiki ijayo hutajua kama umepunguza au unajifariji.

## Hatua ya 2: Kung'uta kukiwa kukavu

Mabaki ya mkonge huja na unga wa kijani uliokaukia kwenye nyuzi, mchanga na vipande vya maganda. Ukivitia majini, maji yatageuka tope na utalazimika kubadilisha mara tatu. Vikiwa vikavu, vinaanguka bure.

Tandaza nyuzi juani mpaka zikwaruze mkono. Zipige kwa fimbo juu ya turubai, zikung'ute, zigeuze, rudia. Dakika 20 za fimbo zinaokoa ndoo mbili za maji. Vaa barakoa, vumbi la mkonge linawasha koo.

Kisha kata kwa panga juu ya kigogo, urefu wa sentimita 1.5 hadi 2. Ukiacha ndefu zitasokotana ndani ya beseni kama kamba, na dawa ya hilo watu huona ni kuongeza maji.

Mifuko ya saruji nayo kung'uta nje, mbali na maji, kisha chana tabaka zake. Saruji ikilowa ndani ya ndoo hutaitoa.

Umefaulu ikiwa: ukifinya konzi ya nyuzi na kuiachia, kiganja hakibaki na unga.

## Hatua ya 3: Kuloweka na kupika ndani ya maji yaleyale

Usiloweke kwenye chombo kimoja ukamwaga, halafu ukapikia maji mengine. Tia lita 8 za maji kwenye pipa la kupikia, yeyusha soda ashi yote, zamisha nyuzi, funika, acha zilale usiku kucha. Asubuhi washa moto chini ya maji hayohayo.

Siku ya kwanza lita 8 hizo zitakuwa maji mapya. Kuanzia upishi wa pili zitatoka ndoo namba 1, nitaeleza kwenye hatua ya 4. Maji ya ndoo hiyo yana mabaki ya soda, kwa hiyo punguza soda mpya kwa gramu 20 hadi 30, uangalie matokeo kabla ya kupunguza zaidi.

Yakianza kuchemka, punguza moto. Kinachotakiwa ni kutokota. Geuza nyuzi kila nusu saa kwa mti mrefu ili za juu zishuke, kwa sababu lita 8 kwa kilo ni chache na nyuzi zilizobaki juu hazitaiva. Funika. Pipa lililo wazi kwa saa 3 litapoteza hewani lita kadhaa, utaongeza maji, na kuni zitaenda kuyapasha hayo mapya.

Onyo la kwanza: soda itiwe kwenye maji ya baridi. Ukiimwaga kwenye maji yanayochemka, povu litapanda na kukufuata miguuni.

Onyo la pili: usipikie kwenye sufuria ya alumini. Mwaka wangu wa kwanza niliazima sufuria la pilau la shangazi, lile la shughuli. Baada ya nusu saa maji yalianza kutoa vipovu visivyoisha hata moto ulipozimwa, yakawa ya kijivu. Soda inakula alumini na kutoa gesi inayoshika moto. Nilipolirudisha, shangazi alilipandisha juani, akachungulia mwanga kupitia kitakoni, akauliza: "Mwanangu, humu ulipika betri?" Nililipa sufuria jipya.

Umefaulu ikiwa: baada ya saa 3 au 4 unachukua nyuzi moja, unaivuta kwa vidole viwili, na inaachana kwa urefu bila ubishi, kama nyama ya kuku aliyeiva. Ikikatika kwa kupasuka na kurudi nyuma, bado.

## Hatua ya 4: Kusuuza kwa ndoo tatu

Hapa ndipo penye maji mengi kuliko kote. Ukielewa hatua hii moja na ukapuuza nyingine zote, bado utapunguza nusu ya tatizo.

Nyuzi zilizopikwa, hata ukizikamua kwa nguvu, hubaki na lita 3 hivi za maji meusi kwa kila kilo kavu. Hayo ndiyo yanayotakiwa kutoka. Wengi wanazitia kwenye beseni, wanafungua koki, na kuacha maji yamwagike juu mpaka yaonekane meupe. Maji mengi hapo yanapita pembeni ya nyuzi bila kugusa kitu.

Fanya hesabu pamoja nami. Ukichukua lita 27 na kusuuza mara moja, lita 3 chafu zinachanganyika ndani ya lita 30. Unakamua, na nyuzi zinabaki na sehemu 1 ya 10 ya uchafu. Sasa zichukue lita 27 hizohizo uzigawe mara tatu, lita 9 kila mara, na ukamue kila mara. Mara ya kwanza inabaki robo. Ya pili, robo ya robo. Ya tatu, robo ya hiyo tena, yaani sehemu 1 ya 64. Maji ni yaleyale na mfuko ni uleule, umeongeza kukamua tu.

Tunaweza kwenda mbele zaidi, kwa sababu maji ya suuza ya tatu ni karibu masafi, na kuyamwaga ni dhambi. Panga hivi:

1. Siku ya kwanza jaza ndoo 1, 2 na 3 lita 9 kila moja, maji safi zote.
2. Kamua nyuzi kwenye mfuko juu ya karai mpaka zisidondoke. Yale maji meusi yaliyotoka weka pembeni, tutayarudia hatua ya 10.
3. Zamisha mfuko kwenye ndoo 1, kanda kama unga wa chapati kwa dakika 3, toa, kamua maji yakirudia ndoo hiyohiyo.
4. Ndoo 2, vivyo hivyo. Ndoo 3, vivyo hivyo.
5. Sasa sogeza. Maji ya ndoo 1 yaende kwenye pipa la kupikia, ndiyo lita 8 za upishi unaofuata. Maji ya ndoo 2 yaingie ndoo 1. Ya ndoo 3 yaingie ndoo 2. Ndoo 3 peke yake ndiyo itakayojazwa maji safi.

Kuanzia upishi wa pili unatumia lita 9 tu za maji mapya kwa kilo. Mzunguko ukishatulia, uchafu unaobaki ni karibu sehemu 1 ya 40: mara nne safi zaidi ya yule aliyetumia lita 27 kwa mkupuo mmoja, kwa theluthi ya maji yake. Na kadiri unavyokamua kwa nguvu ndivyo hesabu inavyokupendelea, kwa hiyo mfuko wapewe watu wawili wenye mikono, mmoja huku mwingine kule, wasokote.

Kosa la kila siku ni watu kuchanganya ndoo. Aliyechoka saa nane mchana anamimina ndoo 1 ndani ya 3, na mzunguko wote umechafuka. Ziweke kwa mstari, namba zikiangalia upande mmoja, na awepo mtu mmoja tu mwenye kazi ya kusogeza maji.

Umefaulu ikiwa: ndoo 1 ina rangi ya chai ya mkandaa, ndoo 2 ya chai iliyozimuliwa, na ndoo 3 unaona kitako chake. Sugua maji ya ndoo 3 kati ya vidole. Yakiteleza kama sabuni, soda ingalipo, suuza mara moja zaidi kwenye ndoo 3. Kwa karatasi za pH, tafuta 7 au 8.

## Hatua ya 5: Kutwanga, si kusaga kwa maji mengi

Blenda ya nyumbani inataka maji mengi ili kisu kizunguke, na ukiitilia nyuzi nyingi motor inaungua. Kinu hakidai maji. Twanga nyuzi zilizokamuliwa kwa mafungu ya konzi mbili mbili, zikiwa na unyevu wake zenyewe, dakika 40 hivi kwa kila fungu. Zikikauka, nyunyiza maji ya ndoo 3, kata moja inatosha.

Karatasi chakavu hazipikwi wala hazisuuzwi. Zichanechane vipande vya ukubwa wa kidole gumba, ziloweke usiku kucha kwenye maji meupe (yanakuja hatua ya 9), halafu twanga. Kama bado unalazimika kutumia blenda, itumie kwa hizi, na maji yake yawe hayohayo meupe.

Kwa mtu anayeanza napendekeza nusu kwa nusu, mkonge na karatasi chakavu. Mkonge mtupu unatoa karatasi ngumu nzuri ya mifuko na majalada, lakini kila kilo ya karatasi chakavu unayoingiza ni kilo isiyopita kwenye ndoo tatu.

Umefaulu ikiwa: unatia rojo kidogo kwenye glasi ya maji, unatikisa, na nyuzi zinaelea zimetawanyika kama wingu. Ukiona vifundo, rudi kinuni. Usiviondoe kwa kuongeza maji.

## Hatua ya 6: Kuchota karatasi

Beseni liwe kubwa kuliko fremu kwa kiganja kimoja kila upande. Nimeona watu wanachota A4 ndani ya hodhi la lita 300. Yote hayo yataoza siku moja.

Kwa lita 60, anza na gramu 300 za nyuzi zikipimwa kavu, yaani gramu 5 kwa lita. Karatasi ya A4 yenye uzito wa gramu 120 kwa mita ya mraba ina gramu 7.5 za nyuzi, kwa hiyo ndani ya lita moja na nusu ya beseni lako kuna karatasi moja. Kila ukitoa karatasi 5 au 6, ongeza rojo zito ulilotwanga, kiasi cha ngumi moja, ukoroge. Ongeza rojo, usiongeze maji. Maji yakishuka sana baada ya karatasi nyingi, jazia kwa yale yaliyotoka kwenye jeki.

Zamisha fremu ikiwa wima, ilaze chini ya maji, inyanyue ikiwa sawa, itikise mara moja kushoto kulia na mara moja mbele nyuma. Kisha shikilia juu ya beseni mpaka isidondoke, hesabu polepole hadi 20. Sekunde hizo ndizo watu wanazoiba, na sakafu ndiyo inayolipa.

Kama unatia rangi, panga siku yako kutoka nyeupe kwenda khaki kwenda nyeusi. Beseni la khaki linapokea rangi nyeusi bila lawama, ila ukianza na nyeusi itabidi umwage.

Umefaulu ikiwa: ukiinua fremu dhidi ya mwanga huoni matundu wala mawingu mazito.

## Hatua ya 7: Kulaza na kukamua

Laza karatasi kwenye kitambaa chenye unyevu, kitambaa juu yake, karatasi nyingine, mpaka zifike 50. Meza iinamishe kidogo na uweke nusu ya bomba la plastiki ukingoni kama mfereji, likidondoshea ndoo. Rundo likae ndani ya karai unapolibana kwa jeki.

Panda taratibu: pampu mbili, subiri, pampu mbili. Ukibana kwa haraka maji yanatafuta njia ya kutokea na kupasua karatasi za katikati. Maji yote ya jeki yarudi beseni au pipa la maji meupe, yana nyuzi zako ndani.

Umefaulu ikiwa: karatasi inaweza kunyanyuliwa kwa pembe mbili bila kuchanika.

## Hatua ya 8: Kukausha na wanga

Bandika karatasi kwenye ubao laini, kivulini penye upepo. Jua la saa sita linazikunja.

Wanga wa muhogo wa kuzuia wino usisambae usiutie ndani ya beseni. Ukiingia mle unakuwa chakula cha vijidudu, na maji meupe yatanuka kesho yake. Subiri karatasi zikauke, paka uji mwepesi wa wanga kwa brashi, zikaushe tena. Lita moja ya uji inapaka nyingi.

## Hatua ya 9: Kuyatunza maji meupe

Maji meupe ni yale ya maziwamaziwa yanayobaki kwenye beseni jioni. Weupe huo ni nyuzi ndogo mno zilizopenya wavu. Anayeyamwaga anamwaga karatasi, na baada ya miezi michache ataita fundi kuja kuzibua mfereji. Fundi atatoa kitu kama blanketi.

Jioni:

1. Kinga mdomo wa pipa la kwanza kwa kitambaa cha marekani, pitisha maji ya beseni humo.
2. Nyuzi zilizobaki juu ya kitambaa zirudishe kwenye rojo, zikamue, zihifadhi pakavu.
3. Funika pipa, liwe kivulini. Usiku kucha zilizopenya zitatuama.
4. Asubuhi fungua koki, chukua maji ya juu yaliyotulia kujazia beseni. Ya chini mazito yatumie kuloweka karatasi chakavu.

Pipa la pili ni la zamu: moja linatuama, lingine linatumika.

Kwa joto la Tanga maji haya yanadumu siku 2, ya 3 kwa taabu. Ishara za kuharibika: utelezi kwenye ukuta wa pipa, harufu ya yai viza, vidoa vya waridi au kijivu kwenye karatasi. Hapo ndipo wengi wanapomwaga pipa zima na kuapa hawatarudia maji tena. Usimwage. Maji yaliyoanza kunuka yapeleke kwenye pipa la kupikia badala ya ya ndoo 1; soda na moto vitayamaliza makali. Yaliyobaki yatie ndoo 1 ya kusuuzia. Kila Jumamosi sugua pipa tupu kwa brashi na kuligeuzia juani kinywa wazi, utelezi ukibaki ukutani ndio mbegu ya harufu ya Jumatatu.

Umefaulu ikiwa: beseni halijazwi tena kwa maji mapya kila asubuhi.

### Kuosha fremu na vyombo

Kwangua kwanza kwa kipande cha plastiki, brashi kavu baadaye, maji mwisho. Osha juu ya beseni, wavu ukiangalia chini, kwa kata au kwa bomba lenye kifyatuo kinachojifunga ukiachia. Lita 5 zinatosha fremu zote na zinaingia kwenye maji meupe. Sakafu ifagiliwe, isipigwe maji.

## Hatua ya 10: Maji meusi yaliyochoka

Mzunguko ukienda vizuri, kitu pekee kinachotoka ni yale maji meusi uliyokamua baada ya kupika, lita 3 au 4 kwa kilo. Ni machache lakini ni makali. Usiyamwagie mchicha: soda inaugandisha udongo na mimea inakauka. Usiyapeleke mferejini wala kwenye mikoko, na bahari si jalala.

Jenga trei ya saruji yenye kina cha sentimita 10 na eneo la mita 1 ya mraba, iezekwe kwa plastiki angavu ili mvua isiijaze. Juani inakausha lita chache kwa siku, karibu sawa na unachotoa. Mabaki makavu yakwangue, yatie kiroba, uulize afisa mazingira wa halmashauri yapelekwe wapi. Kama unakua kuelekea kiwanda, zungumza naye mapema. Sheria ya Usimamizi wa Mazingira ya 2004 inahusu pia maji unayotoa.

## Maji mapya yatoke wapi

Bado unahitaji lita 9 za ndoo 3, lita 5 za kuoshea fremu na lita moja ya wanga, jumla kama 15 kwa kilo, ukiacha ya kujaza beseni. Maji ya bomba mjini Tanga yanatoka bwawa la Mabayani, kwenye mto Zigi unaoshuka kutoka Amani, na yanafaa kabisa. Lakini paa lako linafaa pia. Milimita 1 ya mvua juu ya mita 1 ya mraba ya bati ni lita 1. Bati la mita 40 za mraba likinyeshewa milimita 20 linatoa lita 800. Toa moja ya tano kwa yanayoruka na kupotea, unabaki na 640. Kwa lita 15, hizo ni zaidi ya kilo 40 za nyuzi kutokana na mvua moja ya masika. Dakika za mwanzo za mvua ziache zioshe bati kwanza.

Kisima ndicho cha kuangalia. Vingi karibu na pwani, huku kwetu Tanga na Bagamoyo, vina chumvi. Ukisuuzia nyuzi mara ya mwisho kwa maji ya chumvi, karatasi itavuta unyevu wa hewa na kulegea kama kitambaa, na pini zitashika kutu ndani ya wiki. Onja. Yakiwa na chumvi hata kidogo, yabaki ya kuoshea mikono na viatu vya kazi, yasiguse ndoo 3 wala beseni. Kisima kipya cha kuchimba kinahitaji kibali cha bodi ya maji ya bonde lenu: upande wa Tanga ni Bonde la Pangani, na Bagamoyo ni Wami/Ruvu.

Baada ya wiki mbili rudi kwenye daftari la hatua ya 1, hesabu mistari tena. Ikiwa namba haijashuka chini ya 40, simama karibu na ndoo namba 3 siku nzima uone nani anaijaza, na mara ngapi.